Baiskeli ya Marehemu Ni ya Nani?

Mada iliyotolewa katika darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri, Nakuru

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake wote. Ama baad.



Najua baadhi yenu mlicheka mlipoiona mada hii ubaoni. Ramadhan, mwezi wa Qur'an, halafu mtu anasimama msikitini kuzungumzia baiskeli kuukuu! Lakini subirini kidogo. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 7, Allah anatufahamisha kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake pia wana fungu, kiwe kichache au kiwe kingi. Kiwe kichache! Mirathi si shamba la Njoro na nyumba ya kupangisha peke yake. Sufuria ni mirathi, saa ya ukutani ni mirathi, cherehani ni mirathi, na ile baiskeli iliyofunikwa gunia kule stoo ni mirathi pia.

Shamba tunaliogopa. Tunaita wazee, tunaita shekhe, na tukishindwana tunakwenda Mahakama ya Kadhi hapa hapa Nakuru. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama hizo kazi ya kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Lakini vitu vidogo tunavigawana kienyeji. Mwenye nguvu anachukua, mwenye haya ananyamaza. Na siku ya Kiyama haki ndogo itaulizwa kama ile kubwa.

Kwa hivyo leo, inshaallah, nitasema mambo matatu. Kwanza, tujue baiskeli ya marehemu ni haki ya nani. Pili, tujue ni baiskeli gani hasa, tusiende na maneno ya mtaani. Tatu, tujue namna ya kuitengeneza bila kuiharibu. Mpangilio huo nimeuweka makusudi. Wengi wetu tunaanza na la tatu, tunakimbilia rangi na msasa, kumbe mali yenyewe si yetu.

KWANZA: HAKI

Nichukue mfano wa nyumbani kwetu, na wazee wameniruhusu kuusema. Marehemu babu yetu, Allah amrehemu, alikuwa fundi cherehani hapa Bondeni. Siku za soko alifunga cherehani ya mkono kwenye keria ya baiskeli akaenda nayo Njoro, siku nyingine Gilgil. Alifariki mwaka 2014. Aliacha mke mmoja, yaani nyanya yetu, watoto wawili wa kiume, baba yangu na ami yangu, na watoto watatu wa kike, yaani shangazi zangu. Vitu vikubwa viligawanywa. Baiskeli ikabaki stoo, na hakuna aliyeitaja kwa miaka.

Baadaye ami akasema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baiskeli ya aina ile ina uzito wa kama kilo 20, ikipimwa kwenye mizani yao unapewa pesa ya kununua unga ukaenda zako. Mwengine akasema, "Hapana, hiyo ni ya mjukuu." Mjukuu mwenyewe ni mimi. Ni kweli nilipokuwa mdogo babu alikuwa akinipakia mbele, juu ya bomba la fremu, akiniambia, "Hii ukikua itakuwa yako." Shangazi zangu hakuna aliyewauliza. Eti baiskeli ni kitu cha wanaume.

Tulimwendea ustadh wetu. Alitufafanulia kwa upole, nami nawafikishia alivyotufundisha.

Mtu anaweza kumpa mwenzake kitu kwa njia tatu. Ya kwanza ni hiba, zawadi ya uhaini. Hiba hutimia kwa kukabidhi. Mtoaji atoe akiwa na afya na akili zake, na mpokeaji akipokee kitu mkononi. Kama ni mgonjwa wa maradhi yaliyomuua, zawadi hiyo inahesabiwa kama wasiya. Ya pili ni wasiya wenyewe, na huo hauvuki theluthi ya mali, wala hapewi mtu ambaye tayari ni mrithi ila warithi wenzake waridhie. Ya tatu ni mirathi, mafungu aliyoyapanga Allah mwenyewe, na hayo hayagaiwi mpaka deni la marehemu lilipwe na wasiya wake utekelezwe. Jambo hilo la deni na wasiya limerudiwa mara nne katika aya ya 11 na ya 12 za An-Nisaa. Mara nne! Basi kabla hujaigusa baiskeli, uliza: marehemu alikuwa na deni dukani? Alikuwa na deni la mahari?

Haya, maneno ya "ukikua itakuwa yako" ni nini katika hayo matatu? Ustadh alisema hiyo ni ahadi ya mapenzi. Sikukabidhiwa, babu aliendelea kuiendesha mwenyewe, wala hakusema "nikifa apewe" mbele ya mashahidi. Kwa hivyo si hiba wala si wasiya. Ni mirathi. Na mjukuu mwenye baba au ami aliye hai hana fungu katika mirathi ya babu yake. Fungu langu ni sufuri, ndugu zangu. Ila aya ya 8 ya sura hiyo hiyo inawahimiza warithi wawakumbuke jamaa wasiorithi waliohudhuria ugawaji, wawape chochote na maneno mazuri. Hisani ninaweza kuipokea wakinipa, lakini kudai siwezi.

Sasa hesabu. Mke akiwa na watoto anapata moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Hapo kwetu mali inagawanyika mafungu manane sawasawa: nyanya moja, baba mawili, ami mawili, na kila shangazi moja. Watu wawili wanaojua bei waliitazama baiskeli ilivyo, na kutu yake. Mmoja akasema shilingi 18,000, mwengine 20,400. Tukachukua katikati, 19,200. Fungu moja likawa 2,400.

Lakini hapo kuna jambo lililonitoa jasho. Shangazi yetu mmoja alifariki miaka kadhaa baada ya babu, kabla baiskeli haijagawanywa. Fungu lake halikufa pamoja naye. Liliingia kwa warithi wake, yaani mumewe, mama yake ambaye ndiye huyo huyo nyanya, na watoto wake wawili wa kiume, wote bado wanasoma shule ya msingi. Mume robo, shilingi 600. Mama sudusi, shilingi 400. Watoto waliobaki na 1,400, kila mmoja 700.

Siku ile ya kikao kila mtu alikuwa laini. Nyanya akasema, "Mimi nimesamehe." Shangazi mkubwa akasema, "Na mimi nimesamehe." Mume wa marehemu shangazi naye akasamehe mia sita zake. Mtu akadakia, "Alhamdulillah, basi wote tumesamehe, kijana achukue baiskeli." Ustadh akamzuia. Akauliza, "Na hawa watoto wawili, nani amewasamehea?" Kimya. Mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kusamehe haki yake, na mlezi wake hana ruhusa ya kuigawa bure kwa niaba yake. Aya ya 10 ya An-Nisaa inatisha kuhusu wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Mia saba shilingi, ndugu zangu, bei ya mpira wa kuchezea. Lakini ni mali ya yatima.

Mwisho baba yangu aliichukua baiskeli kwa bei ile. Ami alitaka fungu lake na akapewa 4,800. Ni haki yake, wala hakuna wa kumlaumu. Shangazi mdogo alitaka 2,400 zake na akapewa, na wallahi nilifurahi kumwona anazipokea bila kuona haya. Watoto walipewa 1,400 yao kupitia kwa baba yao, ikaandikwa na mashahidi wakatia sahihi. Jumla shilingi 8,600. Kama jambo hilo lingefanywa mwaka ule ule wa 2014, tusingefika kwenye mirathi juu ya mirathi. Kuchelewesha kugawa ndiko kunakozaa mayatima ndani ya mali za watu.

PILI: UKWELI

Baada ya haki inakuja kuijua. Hapa Bonde la Ufa kila baiskeli nyeusi ndefu tunaiita Black Mamba, na kila kuukuu tunaiita Raleigh. Zilibeba maziwa, kuni, magunia ya viazi kutoka Molo, na abiria wa boda boda, mpaka pikipiki zikajaa baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Lakini si zote ni Raleigh. Nyingi ni za India, kama Hero ya Ludhiana, kampuni iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956, au Atlas ya Sonepat, iliyoanza mwaka 1951. Nyingine ni za China, kama Phoenix ya Shanghai. Zilifuata umbo lile lile la Kiingereza, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha.

Sisi tuliosoma madrasa tumefundishwa kwamba habari haipokelewi hivi hivi. Unauliza: nani kasimulia, kapokea kwa nani, je, wanaafikiana? Baiskeli ichukulie vivyo hivyo. Kila kipande ni shahidi. Kipande kimoja kinaweza kudanganya kwa sababu kilibadilishwa. Vikikubaliana vingi, moyo unatulia.

Shahidi wa kwanza ni nembo ya bati iliyo mbele, chini ya usukani. Kwetu ilikuwa imeng'oka, yamebaki matundu ya ribiti tu. Shahidi wa pili ni gia kubwa ya mbele inayozungushwa na pedali. Waingereza walikuwa wakikata alama zao ndani ya chuma chake. Raleigh ni vichwa vitatu vya ndege mwenye shingo ndefu kama korongo. BSA, ambao asili yao ni kiwanda cha silaha cha Birmingham, alama yao ni bunduki tatu zilizoegemeana. Humber ni vijitu vitano. Rudge ni kiganja cha mkono. Lakini kuwa mwangalifu: Raleigh iliinunua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na biashara ya baiskeli ya BSA mwaka 1957. Kwa hivyo baiskeli inaweza kuwa na jina la mmoja na vyuma vya mwengine, na isiwe imeghushiwa.

Shahidi wa tatu ni nambari ya fremu. Aghalabu imepigwa karibu na bomba la siti, au chini pale zinapozunguka pedali. Igeuze baiskeli miguu juu, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikwangue. Nambari peke yake haikupi mwaka, kwa sababu kila kampuni ilikuwa na hesabu yake. Iandike hata hivyo. Ndiyo kitambulisho chake siku ikiibiwa.

Shahidi wa nne ndiye mkweli kuliko wote kama unaye. Ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ikiwa ni ya gia tatu ya Sturmey-Archer. Hao nao walikuwa Nottingham, Uingereza, mji ule ule wa Raleigh. Aina ya AW ilianza kutengenezwa miaka ya 1930. Juu ya chuma chake wamepiga herufi AW na nambari mbili, moja ya mwaka na nyingine ya mwezi. Ya kwetu, baada ya kupangusa gundi ya mafuta ya miaka mingi, ilitoa 56 na 7. Mwezi hauzidi 12, kwa hivyo 56 ni mwaka. Julai 1956.

Hapo ikazuka mabishano. Nyanya alikuwa akisema siku zote kwamba babu aliinunua mwaka wa uhuru, 1963. Kijana mmoja akasema, "Basi nyanya amesahau." Taratibu! Shahidi hatupwi kabla ya kuangalia kama maneno yake yanaweza kukutana na ya mwenzake. Nyanya aliongeza kuwa babu aliinunua kwa mlowezi wa Kizungu upande wa Njoro aliyekuwa anauza vitu vyake ahame. Miaka ile walowezi wengi wa Bonde la Ufa waliuza mashamba wakaondoka. Baiskeli iliyotengenezwa 1956 kununuliwa mkono wa pili 1963, ugongano uko wapi? Chuma kimesema ukweli na nyanya amesema ukweli.

Gia ya mbele ilikuwa na vichwa vitatu vya ndege. Gurudumu la mbele habu yake ilikuwa ya India. Pedali ni za juzi. Chini ya rangi ya buluu aliyopaka babu kwa brashi ilionekana nyeusi yenye mstari mwembamba wa dhahabu. Kwa hivyo tukiulizwa tunasema hivi: fremu inaonekana ni Raleigh, gurudumu la nyuma ni la 1956, la mbele lilibadilishwa. Hatusemi zaidi ya hapo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kuna wanaotafuta vitu vya kale kwa bei nzuri, na shetani anakuja haraka. Tia nembo ya kununua, paka rangi nyeusi, sema ni ya 1938. Mnakumbuka hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa? Alimkaripia muuzaji kwa kuficha majimaji chini ya kikavu. Rangi mpya juu ya kutu, ikiwa ni ya kumficha mnunuzi, ndio mchezo ule ule.

TATU: KUITENGENEZA

Alhamdulillah, sisi wa Nakuru tuna nafuu. Tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu haina chumvi kama ya Mombasa. Chuma kilichokaa stoo kavu hapa kina matumaini.

Kabla ya kufungua hata nati moja, piga picha pande zote. Vikombe vya nati na gololi vitiwe katika mikebe tofauti na viandikwe. Ukifungua pale pedali zinapozunguka, hesabu gololi za kila upande.

Osha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Usianze na msasa. Msasa hauna toba: mstari wa dhahabu ukiondoka haurudi. Kama unataka kuondoa rangi ya juu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Tena rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usisugue kavu ndani ya nyumba, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Sisi tuliamua kuiacha rangi ya buluu ya babu. Yeye ndiye aliyeipaka, nayo ni sehemu ya habari zake.

Vyuma vinavyong'aa, kama usukani na rimu, kutu nyepesi huondoka kwa foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa na kutiwa maji. Sugua polepole. Nati zilizogoma zitie mafuta ya kulegeza kutu, ziache siku mbili tatu. Subira ni nusu ya spana. Pini inayoshika mkono wa pedali usiipige nyundo ikiwa hewani. Egemeza chuma chini yake kwanza, la sivyo utavunja beringi au utapinda pini. Ukienda dukani kutafuta spea, beba kile kipande cha zamani. Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi pale kwenye usukani na kwenye pedali, na kampuni nyingine za Kiingereza zilitumia 24. Vinafanana kwa macho, lakini ukilazimisha unaharibu fremu. Fundi wa zamani wa baiskeli anajua. Mlipe haki yake kabla jasho halijakauka.

Habu ya gia tatu inataka mafuta mepesi ya mashine kupitia kitundu chake. Mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi, usiyatumie. Na hapa niseme jambo tuliloligundua. Kila mtu kwetu alikuwa akisema baiskeli ya babu ni nzito kupanda mlima. Kumbe waya wa gia ulikatika zamani ukaondolewa. Habu ya AW isiyo na waya unaoivuta inabaki gia ya juu kabisa, inayozidisha mwendo kwa theluthi. Mzee wa watu alikuwa akipanda milima ya kwenda Njoro na cherehani nyuma kwa gia ya kuteremkia, miaka yote hiyo, wala hakulalamika. Baba yangu aliposikia hivyo aliinama kimya. Tukatia waya mpya. Lakini waya huo lazima urekebishwe sawasawa, kwa sababu kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu, pedali huzunguka bure na mguu ukateleza.

Tairi za 28 kwa 1½ zinapatikana, kwa sababu baiskeli za India zinatumia saizi hiyo hiyo. Breki ndizo muhimu kuliko zote. Breki za vyuma zinabana rimu kwa ndani, na rimu ya chuma ikilowa haikamati vizuri. Badilisha mipira yake, jaribu kwanza mahali tambarare. Usiteremke nayo kutoka Milimani mvua ikinyesha ukasema umetawakali. Kutawakali ni baada ya kufunga breki.

Na kwa kuwa tuko Ramadhan, mambo mawili. La kwanza, usinyonye mafuta ya taa kwa mpira mdomoni. Harufu yake haikufunguzi, lakini tone likipita kooni kwa kujitakia, swaumu imekwenda, mbali na madhara yake. La pili, rangi na grisi nzito mkononi huzuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi. Acha kazi mapema kabla ya adhana, safisha mikono mpaka chini ya kucha, halafu utie udhu.

NA BAADA YA HAPO?

Ndugu zangu, kitu kilichotengenezwa ni cha kutumika. Tusitumie maelfu kuipamba halafu tukaitundika ukutani, hali jirani hana futari. Mwenye kuimiliki kihalali anaweza kuiendesha, anaweza kumwazima mwalimu wa madrasa anayetembea mbali, anaweza kuiweka waqfu thawabu zimfikie marehemu. Wanachuoni wa Kishafii wanaruhusu waqfu wa kitu kinachohamishika, maadamu kinabaki na kinatumika. Lakini waqfu anauweka mwenye mali. Kutoa sadaka mali ya warithi wenzako bila ridhaa yao ni kuchukua haki za watu ukatafutia thawabu.

Baba yangu amesema ya kwetu itabaki nyumbani, na wale watoto wawili wa marehemu shangazi wataifundishiwa kuendesha wakifika miguu chini. Mimi nimepewa kazi ya kuitia mafuta. Nimeridhika na fungu hilo.

Basi nawaomba jambo moja kabla ya Idd. Wengi wetu tutakusanyika na jamaa siku hiyo. Fungueni stoo. Kuna familia hapa Nakuru na Naivasha zilizopoteza kila kitu kwa moto Januari 2008, hazina hata picha ya babu yao. Wewe uliyebakiwa na kitu, kitoe nje kwenye mwanga. Uliza: marehemu alikuwa na deni? Nani walikuwa hai siku alipofariki? Nani kati yao amefariki baadaye, na ameacha nani? Mwite shangazi, mwite mwana yatima, andikeni. Ndipo mtafute spana.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu waliotangulia, walipie madeni yao, utupe moyo wa kurudisha haki ndogo kabla ya kubwa, na utukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.